Hana na Ana

Kwa miaka 36 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na hakuna zoezi nililolipenda kama imla. Wenzangu walinicheka wakisema imla ni ya shule ya msingi, lakini kila mwaka nilipopewa Kidato cha Kwanza nilianza nayo. Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka utaratibu wake. Mwalimu husoma kifungu mara tatu. Mara ya kwanza wanafunzi huweka kalamu chini na kusikiliza. Mara ya pili mwalimu husoma polepole, kipande kwa kipande, nao huandika. Mara ya tatu husoma mfululizo, na kila mwanafunzi hufuata kwa kidole alichokiandika ili ajisahihishe kabla daftari halijakusanywa. Chuoni, tulipokuwa tukifundwa ualimu, mkufunzi wetu alituonya tusije tukauacha usomaji wa tatu hata kengele ikilia. Nilishika onyo hilo darasani muda wote wa utumishi wangu. Nilikuja kulisahau nikiwa nimekwisha kustaafu, siku ambayo mwanafunzi aliyekuwa akiandika imla yangu alikuwa simu.

Nilistaafu mwaka 2018, nilipotimiza miaka 60. Baada ya mapumziko mafupi, chuo kimoja cha ualimu hapa mkoani Tanga kiliniomba niwe miongoni mwa wanaokagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Ni kazi inayolingana na umri wangu. Naketi nyuma ya darasa, natazama andalio la somo na azimio la kazi, nasikiliza jinsi kijana anavyouliza maswali na jinsi anavyoyapokea majibu yaliyokosewa, kisha naandika ripoti. Fomu yenyewe ina visanduku vya alama, lakini chuo kinataka pia maelezo ya kurasa mbili au tatu, kwa nathari, yatakayowekwa katika jalada la mwanachuo. Maelezo hayo ndiyo yanayosomwa na wakufunzi wanapoketi kuamua nani amefaulu mazoezi na nani arudie.

Tatizo langu lilikuwa mkono. Viungo vya vidole vyangu vya kulia vimevimba kwa baridi yabisi, na asubuhi nyingine hata kifungo cha shati ni mtihani. Mwanzoni niliandika kwa kalamu kwa shida, kisha nikapeleka karatasi kwa kijana wa stesheneri aniandikie kwenye kompyuta. Kijana yule alikuwa mwepesi wa vidole, ila mwandiko wangu ulikuwa umeharibika kiasi kwamba alilazimika kunipigia simu mara kwa mara: "Mzee, hapa umeandika nini?" Ripoti moja ilichukua siku tatu, na nilikuwa na ripoti kumi na moja kwa muhula.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea dawa. Alichukua simu yangu, akafungua ukurasa mtupu, akanionyesha mchoro mdogo wa maikrofoni pembeni mwa herufi.

"Babu, bonyeza hapa, kisha sema tu."

"Niseme nini?"

Simu ikaandika: niseme nini. Tulicheka sote wawili. Nilisema sentensi ya pili, ya tatu, ya nne, na maneno yakawa yanatokea kwenye kioo kana kwamba yalikuwa yamelala humo yakisubiri kuitwa. Siwezi kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hajapata kunyimwa na mkono wake mwenyewe. Jioni hiyo nilikaa chini ya mwembe, nikamaliza ripoti nzima kabla ya adhana ya Magharibi.

Ninyi wapenzi wa lugha mtapenda kujua kwamba safari ya chombo hiki ni ndefu. Mwaka 1952 watafiti wa Bell Labs huko Marekani walitengeneza mashine iliyotambua tarakimu tu zikitamkwa, moja moja. Mwaka 1990 kampuni ya Dragon ilitoa programu ya kuandika imla kwenye kompyuta, lakini msemaji alipaswa kusita baada ya kila neno. Ni mwaka 1997 ndipo kampuni hiyo ilipotoa programu iliyomruhusu mtu aseme mfululizo kama binadamu. Wakati huo mimi nilikuwa nikivuta vumbi la chaki, na Kiswahili hakikuwamo katika hesabu ya lugha hizo. Mwaka 2017 Google iliongeza lugha nyingi katika huduma yake ya kuandika kwa sauti, Kiswahili kikiwemo, cha Kenya na cha Tanzania. Kwa hiyo lugha yetu imeingia darasani hivi majuzi, na wenzake wamekwisha kusoma miaka mingi.

Ugeni huo unaonekana. Somo la kwanza nililolitolea ripoti kwa sauti lilikuwa la ushairi, Kidato cha Pili. Nilisema kwamba mwanachuo alieleza vizuri vina na mizani. Simu ikaandika kwamba alieleza vizuri China na mizani. Nilitaja mshororo, ikaandika mchoro. Nilitaja takriri, ikaandika takriban. Nilipofika kwenye vipande vya mshororo na kutamka "ukwapi", simu ikaandika: uko wapi. Nilitazama kioo kwa muda. Swali lilikuwa la haki kabisa. Uko wapi, ewe ukwapi? Ni watu wangapi hukutamka kwa siku, mbele ya maikrofoni, hata mashine ipate kukuzoea?

Maana ndivyo inavyojifunza. Hulishwa saa nyingi za sauti za watu pamoja na maandishi ya walichokisema, ikajenga mazoea ya sauti gani huandikwa vipi, na neno gani hufuatana na neno gani. Inaposikia jambo la mashaka, huchagua linaloelekea zaidi kuwa ndilo. Neno adimu hushindwa na neno la sokoni. Hapo si uadui wala ujinga. Ni wingi wa kura. Makosa ya namna hiyo hayakunitia hofu, kwa sababu yalijitangaza yenyewe. China katikati ya somo la ushairi haimponyoki msomaji yeyote, hata mvivu.

Jambo jingine lililonishangaza lilikuwa mimi mwenyewe. Nilipoisoma ripoti ile ya kwanza niliona ina "yaani" kumi na mbili na "kwa kweli" tisa. Sentensi moja ilianza katika andalio la somo na kuishia kwenye usafi wa ubao bila kupumua. Nilipotamka "nukta" ili sentensi ikome, simu iliandika neno nukta, nayo sentensi ikaendelea. Ulimi una desturi zake na kalamu ina zake. Kalamu hukupa nafasi ya kufikiri wakati mkono unasafiri kutoka neno moja kwenda jingine, ulimi haungoji. Nikajifunza kunyamaza kwanza, kuijenga sentensi kichwani hadi mwisho wake, kisha kuitamka. Baada ya wiki mbili maelezo yangu yalikuwa mafupi na yaliyonyooka. Nikaanza kuiamini simu, na nikaanza kujiamini. Hapo ndipo nilipoteleza.

Mwanachuo mmoja, binti mtulivu, alikuwa akifanya mazoezi katika shule ya kata upande wa barabara ya Pangani. Nilimkagua akifundisha ngeli za nomino. Wanafunzi walikosea sana, kama kawaida ya ngeli, na namna alivyoyapokea makosa yao ilinifurahisha. Hakumdharau mtu. Alilichukua jibu lenye kosa, akaliandika ubaoni, akawauliza darasa zima kwa nini mtu mwenye akili angeweza kulifikia jibu hilo. Katika daftari langu la ukaguzi niliandika kwa kalamu, kwa mwandiko wangu mbovu: "anasahihisha bila kukaripia". Jioni, nikiwa nimejilaza mkekani baada ya safari ya basi, niliitolea ripoti imla. Nilisema: "Mwanachuo huyu hana tabia ya kuwakaripia wanafunzi wanapokosea." Nikapitisha jicho juu juu, sikuona China wala mchoro, nikaituma stesheneri ichapwe, nikatia sahihi.

Yapata wiki tatu baadaye, alasiri, alibisha hodi nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita uketi."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilidhani amekuja kuomba ushauri wa somo. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya ile tabia uliyoiona. Chuo wamenitaka niandike maelezo, lakini nimeona kwanza nije kwako. Nimejichunguza sana. Sikumbuki nilimkaripia nani siku ile, ila kama wewe uliona, basi nilifanya."

Nilimwomba ripoti. Alikuwa ameikunja mara nne ndani ya mkoba. Niliifungua, nikaitafuta sentensi, nikaikuta: "Mwanachuo huyu ana tabia ya kuwakaripia wanafunzi wanapokosea." Chini yake palikuwa na jina langu na sahihi yangu.

Sikujibu mara moja. Kilichonichoma si kosa peke yake. Ni kwamba binti yule alikuwapo darasani, alijua alichokifanya, na bado aliliamini karatasi kuliko kumbukumbu yake. Nilimuuliza amekuwa akifundishaje tangu aipate ripoti. Akasema ameacha kabisa kuwasahihisha wanafunzi kwa mdomo, akihofu kwamba sauti yake ina ukali asiousikia mwenyewe. Wanafunzi wakikosea, anaandika jibu sahihi ubaoni na kuendelea. Kwa maneno mengine, lile jambo zuri nililoliona kwake, ripoti yangu ya kulisifu ndiyo iliyoliua.

Nilikwenda chumbani nikaleta daftari la ukaguzi. Nilimwonyesha mstari ule wa kalamu. Aliusoma kwa taabu, kwa sababu ya mwandiko, akausoma tena, kisha akafunika uso kwa kiganja. Nilianza kumweleza habari za simu na mchoro wa maikrofoni, lakini katikati ya maelezo nilijisikia kama wale wanafunzi wangu wa zamani waliosema kalamu ndiyo iliyokosea. Nikaacha. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye ninayepaswa kukuomba radhi. Nilitia sahihi jambo nisilolisoma."

Usiku ule niliandika barua kwa mkuu wa chuo, kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa muda wa saa mbili. Asubuhi niliipeleka mwenyewe. Mkufunzi aliyeipokea alikuwa kijana mwema. Aliisoma akatabasamu kwa kunihurumia. "Kumbe ni herufi moja tu, Mzee," akasema. Nikamwambia herufi hiyo moja ilikuwa imeshafundisha darasa kwa wiki tatu. Ukurasa ulibadilishwa, na binti hakuandika maelezo.

Lakini nilikuwa na ripoti nyingine kumi. Nilikaa siku mbili nikizilinganisha na daftari, sentensi kwa sentensi. Tisa zilikuwa salama. Katika ya kumi, ya kijana mmoja mchangamfu ambaye hajawahi kuniletea andalio la somo lililokamilika, nilikuwa nimesema: "Kwa hali hii hatakuwa tayari kufundisha Kidato cha Tatu bila kusimamiwa." Karatasi ilisema: "Kwa hali hii atakuwa tayari kufundisha Kidato cha Tatu bila kusimamiwa." Kijana huyo hakuwa amebisha hodi kwangu. Kwa nini abishe? Nakiri kwamba barua ya pili iliniwia nzito kuliko ya kwanza. Kumrudishia mtu haki yake ni jambo la furaha hata ukiwa umeaibika, lakini kumnyang'anya mtu sifa aliyokwisha kuisoma, kwa kosa ambalo si lake, kunahitaji moyo. Niliiandika. Alinijia akiwa amekasirika, na alikuwa na sababu. Tulikubaliana nimkague tena, nami nikamkagua mara mbili bila malipo.

Baada ya hapo nilitaka kujua kosa lilitoka wapi. Asubuhi moja niliketi wima, nikaisema ile sentensi ya kwanza mara kumi. Simu iliandika "hana" mara zote kumi. Jioni, nikiwa nimechoka na nimejilaza kama siku ile, niliirudia mara kumi. Mara nne iliandika "ana". Nikamwita mke wangu.

"Mama, hebu nisikilize nasemaje."

Alisikiliza, akatabasamu. "Baba, siku hizi H yako imekuwa haba, hasa jioni. Sisi humu ndani hatusumbuki, tunajua unachotaka kusema."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Mimi niliyewakatazia watoto wa watu "abari" na "apa" na "uyu" kwa miaka 36, pumzi yangu imeanza kuniacha, nami sikuwa nimegundua kwa kuwa wanaonipenda walikuwa wakinijazia. Mke wangu akisikia "ana" huandika "hana" moyoni mwake, kwa sababu ananijua mimi na anamjua ninayemsema. Simu hainijui. Iliandika ilichokisikia, au ilichodhani ndicho, na haikuwa na njia ya kuniuliza.

Ualimu ukanirudia, nikaanza kulichunguza jambo lenyewe kisarufi. Kiswahili kwa kawaida hukilinda kikanushi chake kwa zaidi ya ukuta mmoja. Tuseme "anafundisha" na "hafundishi". Tofauti haiko mwanzoni peke yake: kiambishi cha wakati kimeondoka, na irabu ya mwisho imegeuka kutoka a kuwa i. Hata H ikimezwa yote, "afundishi" halitamdanganya mtu. Litaonekana ni neno lenye kilema, na msomaji atasimama. Vivyo hivyo "tuna" na "hatuna", "wana" na "hawana", "ina" na "haina": hapo ukanushi umepewa silabi nzima, nayo si rahisi kupotea.

Sasa tazama "ana" na "hana", "una" na "huna". Hapa -na si kitenzi cha kawaida, kwa hiyo haina irabu ya mwisho ya kugeuza, na kiambishi cha nafsi kimeungana na kikanushi katika silabi moja. Ukuta uliobaki ni pumzi tu. Tazama pia wakati ujao: "atakuwa" na "hatakuwa", "utafika" na "hutafika". Kiambishi -ta- hakibadiliki, irabu ya mwisho haibadiliki. Pumzi tena. Na angalia pumzi hiyo imewekwa wapi: katika nafsi ya pili na ya tatu umoja, yaani pale tunapomsema mtu mmoja, wewe au yeye. Tukisema kundi, lugha hutupa silabi kamili ya kukanushia. Tukimsema mtu mmoja kwamba hana jambo fulani, au kwamba hatakuwa hivi au vile, heshima yake yote inaning'inia kwenye sauti iliyo nyepesi kuliko zote kinywani. Na ripoti za kazi, ziwe za mwalimu, za mganga au za afisa wa mahakama, karibu zote humsema mtu mmoja.

Ninyi washairi mna silaha ambazo sisi waandishi wa ripoti hatuna. Shairi likinakiliwa vibaya, mara nyingi umbo lenyewe hupiga kelele: mizani imepungua, kina kimepotea. Lakini hapa hata silaha hizo hazifai kitu. "Ana" ni mizani mbili, na "hana" ni mizani mbili. "Atakuwa" ni nne, na "hatakuwa" ni nne. Vina ni vilevile. Unaweza kulipoteza kanusho la shairi zima na umbo lake lisitikisike hata kidogo.

Wala si mara ya kwanza lugha yetu kupita kutoka ulimini hadi karatasini kwa njia yenye uziwi wake. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ziliishi katika vinywa vya watu muda mrefu baada ya kifo chake, hata Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika kwa hati ya Kiarabu katika karne ya 19. Zilikuja kutolewa kitabuni mwaka 1940. Hati ile, kwa desturi yake ya kale, ilikuwa na alama tatu tu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na haikuwa na herufi ya p. Msomaji alipewa umbo moja kwa "choma" na "chuma", umbo moja kwa "pata" na "bata", naye akapaswa kujua lipi limekusudiwa. Lakini H hati ile iliisikia barabara. "Hana" na "ana" isingezichanganya kamwe. Kila chombo kina sikio lake bovu. Waliotangulia walilijua sikio bovu la hati yao, na ndiyo maana Mwalimu Sikujua, aliyeijua lugha kwa kina, alihangaika hata kuirekebisha hati yenyewe ikidhi sauti za Kiswahili. Mimi nilipewa chombo kipya nikakitumia bila kuuliza kinasikia vibaya wapi.

Sijaacha kukitumia. Mkono wangu haujapona na hautapona. Nimebadilisha mwenendo tu. Natoa imla asubuhi, nikiwa nimeketi wima na nimekunywa chai. Jina la mwanachuo na la shule sivitamki. Naacha pengo nalijaza kwa kalamu baada ya kuchapwa, kwa sababu sauti ninayoitoa mwembeni huenda ikasafiri hadi kwenye mitambo ya mbali, na jalada la mtu ni amana. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria mwalimu alipaswa kulijua hilo.

Hukumu yoyote juu ya mtu siitundiki tena kwenye H. Badala ya kusema hana tabia ya kukaripia, nasema anawasahihisha wanafunzi kwa upole, kisha naeleza alichokifanya, kwa mfano kwamba aliliandika jibu lenye kosa ubaoni na kuwauliza wenzake wa darasa chanzo chake. Badala ya kusema hatakuwa tayari, nasema anahitaji msimamizi kwa muhula mmoja zaidi. Nimegundua kwamba ripoti zangu zimekuwa bora kwa sababu hiyo. Kanusho fupi lilikuwa likinipa nafasi ya kuhukumu bila kuonyesha. Sasa nalazimika kusimulia nilichokiona, na msomaji akitilia shaka neno moja, mfano uliopo mbele yake utalisuta.

Mwisho kabisa, ripoti hulala usiku mmoja. Kesho yake mjukuu wangu hunisomea kwa sauti, nami nafuata katika daftari la ukaguzi kwa kidole, mstari kwa mstari. Ni usomaji wa tatu, ule ule wa chuoni. Mjukuu husoma kama karani wa mahakama, bila huruma, H zote zikisikika. Ndipo naitia sahihi.

Kwenu washairi nina ombi moja. Mashine hizi zinajifunza kwa sauti zinazopewa. Kuna mradi wa Mozilla uitwao Common Voice, ulioanzishwa mwaka 2017, ambamo watu wa kujitolea husoma sentensi za lugha yao na wengine huzisikiliza na kuzithibitisha, na Kiswahili kimo. Tukiacha kazi hiyo kwa vijana wa miji mikubwa peke yao, mashine zitajua Kiswahili chao tu. Zitaijua China zisivijue vina. Wazee wa Pemba, wa Mombasa na wa hapa kwetu kunakosemwa Kimtang'ata, wenye meno na wasio na meno, nao wasikike. Sauti inayotetemeka ni Kiswahili pia, na H iliyo haba inahitaji sikio lililoizoea, kama la mke wangu.

Yule binti sasa amehitimu na anafundisha. Alinipigia simu juzi kunijulia hali, na kabla ya kuaga akaniuliza kama bado natumia ile maikrofoni. Nikamwambia ndiyo, ila sasa nina msomaji. Ubeti ufuatao sikuutolea imla. Niliuandika kwa kalamu, polepole, mshororo mmoja kwa siku, nao ni wake.

Mkono unaniuma, vidole nguvu havina,
Nikakaa nikasema, mimi na simu twanena,
Sahihi nikaituma, bila kusoma kwa kina,
Pumzi moja kuhama, hana ikawa ni ana.